Kiboko, Kindi na Mstari Mwekundu

Paukwa!
Pakawa.
Kengele ikalia?
Ikalia, ng'a-ng'a-ng'a.
Watoto wakaingia?
Wakaingia.
Na walimu wakafundisha?
Aa, hapo mmenyamaza. Basi sikilizeni.

Palikuwa na shule ng'ambo ya mto, na mwalimu mkuu wake alikuwa Kiboko. Jina kiboko, mkononi kiboko. Kila asubuhi alijilaza kwenye kivuko, pwaa, akaoga. Walimu wakasimama ukingoni na madaftari kichwani.

"Shikamoo, Mkuu. Tupishe tuvuke."

"Marahaba. Sijamaliza kuoga."

Akimaliza, hutangulia shuleni, hufungua daftari la mahudhurio, hupiga mstari mwekundu, kwaruu. Anayesaini chini ya mstari amechelewa. Aliyechelewa hana chai. Chai yote ikaingia kwa Kiboko, gubu-gubu-gubu, na mihogo juu yake. Na aliyechelewa siku kumi, hana kazi.

Mwalimu Kindi wa darasa la kwanza alikuwa na siku tisa.

Walimu walinuna. Wakaingia darasani, wakaketi, wakamsengenya Kiboko mpaka kengele ya kutoka. Kindi naye aliketi. Chaki aliyopewa mwanzo wa muhula ilikuwa nzima bado. Moyo ulimsuta, akauambia, "Ngoja kwanza nimalizane na huyu."

Jioni ile hakuvuka kurudi kwake. Akahamia mti wa shuleni. Asubuhi Kiboko akamkuta mlangoni.

"Mkuu, nimetubu," akasema Kindi. "Sisi wavivu tunahitaji mfano. Saini na wewe."

"Mimi nibanane na nyinyi huko juu?"

"Hata! Juu ni vijistari vya sisi wadogo. Chini ya mstari pana uwanja mzima. Jina kubwa litapumua."

Kiboko akaangalia juu, akaangalia chini. Akaandika KIBOKO, nusu ukurasa. Kesho akaandika. Kesho kutwa akaandika. Siku kumi.

Siku ya kumi na moja akaja Tembo, mkaguzi. Akafungua daftari.

"Huyu wa chini ni nani?"

"Mchelewaji, mzee," akajibu Kindi.

"Siku kumi! Na sheria yasemaje?"

"Muulize mwenyewe, mzee. Aliitunga yeye."

Kiboko akaweka kalamu nyekundu mezani. Akarudi mtoni, pwaa.

Walimu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tembo hakucheka. Akaingia darasa la kwanza.

"Watoto, andikeni mnachokijua."

Wakainama. Kwaruu, kwaruu, kwaruu. Kila mtoto alipiga mstari mmoja, umenyooka sawasawa. Zaidi ya hapo hawakujua kitu.

Kindi akatazama chaki yake nzima. Alitaka kusema, "Mzee, kosa hili ni langu." Lakini Tembo, aliyependezwa na mistari iliyonyooka, alikwisha kumkabidhi funguo za ofisi ya mkuu.

Kesho yake Kiboko, asiye na kazi tena, alilala kivukoni tangu alfajiri. Walimu wakafika saa nne, wamelowa.

"Kindi, dada yetu, si unamjua Kiboko? Katuzuia."

"Si dada, ni Mkuu," Kindi akawasahihisha. Akavuta daftari, akafungua kalamu.

Kwaruu.

Ngano yangu imevuka. Mimi nimebaki ukingoni. Funzo lake ni hili: mtoto asipojua kusoma, msimuulize mwalimu wala mkuu. Tazameni daftari. Likiwa na mstari ulionyooka, shule ni njema, na Mungu atusamehe sote tuliosaini juu yake.