Doti Moja ya Bi Tabu

Tegeni masikio, na simu zenu zilazeni kifudifudi. Mkizichungulia, nanyamaza.

Walikuwapo wasusi watatu wa kibanda kimoja, mtaa wa Kisimani. Hidaya alijaliwa macho, chawa hampiti. Mwajabu alijaliwa miguu na kifua, haogopi mtu. Pili alijaliwa ulimi, na akisema neno, kundi zima la simu la mtaa linamsikiliza. Tatizo, ulimi huo ulizidi akili yake kwa mbio.

Asubuhi moja Pili akamwona sokoni mama mgeni amebeba mtoto anayelia. Hakuuliza. Akapiga picha, akaituma kundini: "Mama huyu simjui, na mtoto anamkataa. Mjihadhari jamani." Mtu akaongeza: "Mwizi wa watoto!" Wengine wakasambaza. Kabla chai haijapoa, watu wameshaokota mawe.

Mama huyo aliitwa Bi Tabu, ndio kwanza amehamia mtaani. Walimbana kwenye ukuta wa mashine ya kusaga, mtoto kifuani.

Mwajabu hana simu ya picha, ana kitochi tu. Alisikia kelele, akatupa kitana, akatimua mbio. Akajipenyeza hadi mbele ya Bi Tabu. "Anayetaka kurusha aanze na mimi!" Jiwe likampasua paji la uso. Hakusogea.

Hidaya alibaki kibandani na ile picha. Akaikuza, akaiona kandambili ya mtoto iliyoshonwa kwa uzi mwekundu. Huyu si mtoto wa Rehema, mteja wetu? Akampigia Rehema kiwandani.

"Nimempa mwenyewe, dada! Mtoto ana homa, Bi Tabu jirani yangu anampeleka zahanati."

Hidaya akamwomba ayaseme hayo kwa kujirekodi, akaituma sauti kundini. Watu wakajibu: "Uongo! Hiyo sauti ya kupangwa."

Pili aliyasoma majibu hayo. Angeweza kuifuta picha na kuzima simu. Badala yake akaisogeza mdomoni. "Ni mimi, Pili msusi. Picha nilipiga mimi. Sikuuliza, nikazusha. Nimekosa, nisameheni. Mama huyo hana hatia. Mkimuua, damu yake iko juu yangu na juu yenu."

Pale ukutani simu zikalia mikononi mwa watu. Wakasikiliza. Mawe yakaanguka moja moja.

Mtoto alipopona, Bi Tabu akaja kibandani na doti ya kanga, ndiyo pekee aliyokuwa nayo. "Wanangu, doti ina vipande viwili, nanyi mko watatu. Amueni."

"Mbona rahisi," akasema Hidaya. "Aliyewasha moto hapewi zawadi kwa kuuzima."

"Wewe ulikuwa umekaa kwenye kigoda," akajibu Mwajabu, kidonda bado kibichi. "Mimi nilikuwa pale. Sauti ya Rehema waliikataa. Mawe waliyaangusha kwa sauti ya Pili."

"Na bila ule uzi mwekundu, Pili angejuaje kuwa amekosa?"

Pili akaisukuma kanga pembeni. "Mimi siitaki."

"Sikukuuliza unataka nini," akasema Bi Tabu. "Nauliza unastahili nini."

Mpaka leo kanga haijakatwa. Haya, nyie mnaotuma kabla ya kuuliza, nanyi mnaouliza kabla ya kutuma, mkasi huu hapa. Kateni, kisha mniambie: nani aondoke mikono mitupu?