Banda Lililovuka Mpaka

Ua wa Bi Nyamvula ulikuwa mdogo, hivyo banda la kuku alilokuwa akijenga lilivuka mpaka na kuingia kiwanja cha tajiri Mwinyikai.

“Libomoe,” alisema Mwinyikai, “au mayai ya upande wangu yawe yangu.”

“Mayai tu? Usijipunje, jirani! Chochote kuku watakachoangusha upande wako kiwe chako, na ukikusanye mwenyewe.”

“Chote?”

“Chote. Apa.”

Mwinyikai akaapa mbele ya majirani, huku akicheka. Bi Nyamvula akamaliza banda lake.

Asubuhi ya kwanza tajiri alikuja na kikapu, akafungua mlango. Viota vyote vilikuwa upande wa Bi Nyamvula. Upande wa Mwinyikai kulikuwa na fito za kuku kulalia, na chini yake mavi matupu.

“Kikapu hakitafaa, jirani,” alisema Bi Nyamvula. “Ngoja nikuazime beleshi.”