Kome la Vuai

Paukwa!
– Pakawa!
Kaondokea mwenye milia, kajenga nyumba kakaa. Nyumba ya nini?
– Ya mikoko!
Mlango wake?
– Maji!
Na mgeni afanyeje?
– Apige hodi!
Apige ngapi?
– Tatu!

Hewaa. Wewe wa nyuma umetikisa midomo tu, nimekuona. Sogea mbele, hadithi hii ni ya watu kama wewe.

Hapo kale, katika nchi ya ng'ambo ambayo hata mimi sijafika, palikuwa na mji uitwao Sinzini. Mbele yake bahari. Nyuma yake mikoko, na mikoko, na mikoko tena. Watu wake walikata boriti humo, wakawauzia wajenzi wa nyumba, wakala, wakalala, wakashukuru.

Na ndani ya mikoko ile alikaa chui milia. Simsemi huyu chui wenu wa madoa anayeiba mbuzi. Huyu ni mkubwa kama ng'ombe dume, rangi ya udongo, milia myeusi toka shingoni mpaka mkiani. Jua likipiga kati ya mizizi naye kasimama pale, utamtazama usimwone. Anaogelea. Anakunywa maji ya chumvi. Matopeni wewe unazama mpaka magotini, yeye anapita kimya. Nyumba ile ilikuwa yake.

Watu wa kwanza wa Sinzini walipofika na mashoka, chui milia jike alitoka, akasimama mbele yao.

Akauliza, "Mwataka miti?"

Wakasema, "Twataka miti."

"Mtakata. Lakini hapa ni nyumbani kwa mtu. Pigeni hodi mara tatu, kisha mngoje. Nikinyamaza, nimehamia upande mwingine, ingieni. Nikijibu, nimo. Rudini."

Oneni mambo yalivyogeuka! Kwetu sisi hodi ikijibiwa unaingia, isipojibiwa unarudi zako. Kule, ukijibiwa, ondoka na roho yako.

Basi kila mkata boriti akawa na kome lake, gamba kubwa la konokono wa baharini, limetobolewa ncha, la kupuliza. Alipuliza mara tatu akiingia. Alipuliza mara tatu akitoka. Na kila kome lilikuwa na sauti yake, hata wanawake majumbani wakisikia walijua: huyu fulani kaingia, huyu fulani katoka.

Na sheria ya mji ilikuwa moja. Mtu akipiga hodi, akanyamaziwa, akaingia, kisha akauawa, basi mnyama kavunja ahadi. Mnyama atauawa pamoja na watoto wake, na mwana wa marehemu atalishwa na mji mzima mpaka akue. Lakini mtu akiingia bila hodi akauawa, hana wa kumlipia, na nyumba yake haina fungu. Hiyo ndiyo sheria. Ishikeni, tutaihitaji.

Mjini humo alikuwepo Vuai, na mkewe Mize, na binti yao Kazija wa miaka minne. Kome la Vuai lilikuwa na ufa mdomoni. Likilia, sauti ilikwama kidogo katikati, kama mtu anayemeza mate, kisha ikaendelea. Vuai alikuwa akiingia matopeni miguu mitupu na kuacha makubadhi yake mlangoni. Jioni, Kazija akisikia ile sauti inayokwama, alinyanyua makubadhi ya baba yake, akakimbia nayo mpaka ufuoni. Kila siku. Hakukosa hata moja.

Mwaka mmoja chui milia akazaa. Watu wakapiga hodi, akajibu. Kesho yake wakapiga, akajibu. Wiki ikaisha, mwezi ukaisha, anajibu tu. Ana wachanga, ahame aende nao wapi? Mashoka yakaota kutu. Nyumbani kwa Vuai unga ukabaki wa kukung'uta mfuko.

Vuai alikuwa na mdogo wake, Pandu, kijana wa maneno matamu. Pandu akamwambia, "Kaka, ukipiga hodi atakujibu. Akikujibu huwezi kuingia. Basi usipige. Hukuuliza, hukukataliwa."

Vuai akasema, "Hapana."

Siku ya pili, "Kaka, mtoto anakula nini?" Vuai akaukung'uta mfuko.

Siku ya tatu Vuai akasema, "Twende."

Jamani, njaa ya mtoto wako isikie kwa mwenzio. Mimi simcheki Vuai.

Wakatoka asubuhi, Mize yuko kisimani. Pandu akabaki kwenye mtumbwi, mdomoni mwa mkondo. Vuai akaingia, kimya, na shoka. Pandu akasikia shoka mara moja. Akasikia mara ya pili. Ya tatu hakuisikia. Alisikia kitu kingine, na hicho sitawaigizia.

Pandu akarudi mjini analia, mkononi kofia ya kaka yake na kome lenye matope.

"Alipiga hodi!" akasema. "Mara tatu! Mnyama akanyamaza. Kaka alipoingia, akamrukia!"

Faki, mkuu wa mji, akauliza, "Mbona hatukusikia kome?"

"Upepo ulivuma kutoka baharini. Ulichukua sauti. Tazameni, kome lake hili hapa, nimeliokota matopeni."

Mji ukavimba kwa hasira. Mnyama kavunja ahadi! Pakakaliwa matanga siku tatu. Faki akatoa shauri: siku ya bamvua, maji makuu yakijaa, mikoko yote itafunikwa isipokuwa kichuguu kimoja, na huko ndiko chui milia atakakowapeleka wanawe. Mitumbwi itakizunguka, kila mtu na mkuki wake. Hapatabaki mnyama wala mbegu ya mnyama.

Pandu alikuwa wa kwanza kunoa mkuki. Mwongo huwa na haraka, anataka jambo liishe kabla halijaulizwa.

Sasa Mize. Mize alikuwa ndani, mjane, amefunikwa. Siku ya tatu ya matanga akasema ayakunje mavazi ya mumewe. Nyuma ya mlango palikuwa na kigingi, na kwenye kigingi shati la Vuai. Akalishusha shati alinuse.

Chini ya shati, kome.

Kome la Vuai, lenye ufa mdomoni. Mumewe alilifunika makusudi, mkewe asije akaona kwamba amekwenda bila hodi.

Mize akakaa chini. Alielewa yote kwa mara moja. Akasema moyoni, mtu huyu amekufa anaona haya. Akalia kuliko alivyolia siku ya kwanza.

Kisha akafuta machozi, akawaza. Akilionyesha kome, mumewe ataitwa mvunja hodi na Kazija hatakuwa na fungu. Akilificha, Kazija atalishwa na mji mzima, na yule aliyemuua mumewe atakufa. Ninyi mngefanya nini? Msijibu haraka. Na jueni kwamba Mize alimchukia yule mnyama. Alimchukia kweli, alitamani amwone anavyozama.

Basi akafanya shauri. Mjane hatoki, lakini Mize alitoka. Alfajiri ya siku ya bamvua alijitanda kanga, akaficha kome kifuani, akaenda mdomoni mwa mkondo alitupe.

Maji yalikuwa yameanza kupanda. Akanyanyua mkono atupe. Ndipo akamwona.

Chui milia alikuwa anaogelea, mtoto mdomoni. Akamweka kichuguuni. Akarudi majini, akamleta wa pili. Akarudi tena, akamleta wa tatu. Alikuwa amechoka, mbavu zinahesabika. Akajikung'uta, akageuka, wakatazamana, maji kati yao.

Mize akasema, "Umenifanya mjane."

Chui milia akasema, "Sikusikia hodi."

"Alikuwa na mtoto mwenye njaa!"

"Nami nilikuwa na watatu wananyonya. Nimeshtukia shoka juu ya vichwa vyao. Ningesikia hodi ningejibu. Tangu bibi yangu, hatujawahi kunyamaza tukiwa tumo."

Mize akawatazama wale watatu. Hakumsamehe. Sitawadanganya kwamba alimsamehe. Lakini mkono ulishuka wenyewe, na kome limo ndani yake.

Akarudi. Ufuoni mitumbwi tayari iko majini, mikuki imesimama. Watu walipomwona mjane anakuja mbele ya wanaume wakashtuka. Faki akasema, "Mize! Rudi ndani, mama. Tunakwenda kukulipia."

"Baba, nina swali moja kwa shemeji yangu." Akamgeukia Pandu. "Shemeji, hilo kome alilipuliza mume wangu?"

"Alilipuliza."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu."

"Lipulize tulisikie."

Pandu akatazama huku na huku. Akalipuliza. Sauti ikatoka nzuri, nyoofu, haina doa. Kazija alikuwa amekaa mchangani anapanga makombe. Hata kichwa hakunyanyua.

Pandu akasema haraka, "Liliingia matope. Sauti imebadilika."

Mize akatoa kome kifuani. Akaliweka mdomoni. Akaliondoa. Alijua kitakachotokea. Mama gani amfanyie hivyo mwanawe? Akatazama mikuki. Akatazama mikoko iliyokuwa inazama. Akalirudisha mdomoni, akapuliza.

Sauti ikatoka, ikakwama katikati, ikaendelea.

Kazija akasimama.

"Baba!"

Akakimbilia nyumbani. Mize akapuliza mara ya pili. Mtoto akatoka mbio, makubadhi mikononi, amekumbatia moja huku, moja huku. "Baba karudi! Baba karudi!" Akawapita wanaume, akapita chini ya mikuki, akaingia majini mpaka kiunoni. Akatazama mtumbwi wa kwanza. Akatazama wa pili. Akatazama wa tatu.

Mara ya tatu Mize hakuweza kupuliza.

Mtoto akageuka. "Mama, yuko wapi?"

Faki alikuwa wa kwanza kulaza mkuki. Wengine wakalaza, mmoja mmoja. Pandu akaanguka magotini majini, akasema kila kitu: kwamba shauri lilikuwa lake, kwamba kome lile aliliokota ufuoni akalitoboa mwenyewe, kwamba alisikia shoka mara mbili akakimbia na kofia iliyobaki mtumbwini.

Mize akaingia majini, akambeba mwanawe na makubadhi yake.

Sasa najua mnangoja niwaambie mji ulimtunuku Mize kwa kusema kweli. Haukumtunuku. Faki alifuta macho, akasema, "Mwanangu, sheria unaijua."

Mize akasema, "Naijua."

Nyumba ya Vuai ikakosa fungu. Kome la Pandu, lile alilozaliwa akalikuta kwao, likapondwa mbele ya watu, na asiye na kome haingii mikokoni maisha yake yote. Na bamvua lile lilipanda, likashuka, na kichuguuni pale hapakufika mtu.

Mize akakaa eda yake. Majirani walimpenyezea unga kwa mlango wa uani, kimya kimya, maana sheria haikusema kitu kuhusu mlango wa uani. Eda ilipoisha wale wachanga walikuwa wamekwisha kuwa wakubwa wa kuogelea, na wakata boriti walianza tena kunyamaziwa.

Asubuhi moja Mize alichukua shoka. Akavua viatu, akaviacha mlangoni kando ya makubadhi ya Vuai. Kazija akamtazama. Mize akaenda mpaka mdomoni mwa mkondo, akapuliza kome lenye ufa. Moja. Mbili. Tatu. Akangoja. Mikoko ikanyamaza. Tope likanyamaza. Akaingia.

Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Sinzini kuingia.

Siku ikapita. Jioni ilipokaribia, sauti ikasikika toka mkondoni. Ikakwama katikati, ikaendelea. Moja. Mbili. Tatu.

Majirani wakatoka milangoni kumtazama mtoto. Kazija alisimama kizingitini. Akainama, akaweka mkono juu ya makubadhi ya baba yake. Akakaa hivyo kitambo. Kisha akayaacha pale pale, akachukua viatu vya mama yake, akaenda ufuoni.

Hadithi?
– Imetoka!
Maji?
– Yamekupwa!
Mwenye milia?
– Yuko kwake!
Nami nakwenda kwangu. Nilipiga hodi mkanikaribisha, sasa naaga. Na wewe wa nyuma, kesho ukija kwangu, nataka niisikie sauti yako kabla sijaiona miguu yako.