Mashine ya Fundi Makame

Hapo zamani, umeme ulipokuwa umeshafika mjini lakini fundi bado ni wa kutafutwa, aliishi mjane mcha Mungu, Bi Siwatu. Mumewe, Fundi Makame, alimwachia karakana nyuma ya nyumba, na ndani yake mashine ya kukerezea vyuma. Kabla hajakata roho alimwambia, "Usiiuze. Mpe atakayeizuia isife."

Bi Siwatu akakaa eda. Karakana akamkabidhi shemeji yake, Kombo, kwa sharti moja: chuma alichokuwa akikikereza marehemu, ambacho bado kilikuwa kimebanwa mashineni, kisiguswe.

"Mkono wake wa mwisho uko pale," alisema.

Masika yakanyesha. Kutu ikala majembe, ikala mabati, ikala hata bawaba za mlango. Kombo akaifuta mashine, akaipaka mafuta, akaifuta tena. Kutu haikuigusa. Lakini kwa kuwa kile chuma hakiguswi, mashine haikuzungushwa, na mafuta ya ndani yakaganda kama gundi.

Eda ikaisha, Bi Siwatu akaondoa sharti, wakaiwasha. Ikanguruma, ikakwama. Gia ndogo ya ndani ilikuwa imevunjika meno.

Akaja Chausiku, aliyefunzwa kazi na marehemu. Akafungua, akasafisha, akatia mafuta mapya. Gia ya namna ile haikuwapo madukani, basi akaichonga kwa tupa, jino kwa jino, mpaka viganja vikachubuka. Asubuhi mashine ikazunguka. Alasiri meno yamelika yote.

"Umechonga chuma au ugali?" Kombo akamuuliza.

"Chuma laini, baba. Kigumu tupa haikiwezi."

Akachonga ya pili, safari hii wakamwita Shekue, mhunzi. Yeye akaomba mifupa ya ng'ombe wa hitima ya marehemu, iliyosomwa juzi yake.

Bi Siwatu akasita. "Mifupa ya hitima, kwa kazi ya chuma?"

"Nyama mmekula na dua mmesoma, mama. Mnawawekea mbwa?"

Akaichoma mifupa, akaitwanga pamoja na mkaa, akaifukia gia humo ndani ya sanduku la chuma, akaziba kwa udongo. Moto ukawaka toka alfajiri hadi magharibi. Bi Siwatu akaleta kigoda, akakaa kutazama.

"Inafanya nini humo?"

"Inakula mkaa, mama. Ngozi inashiba, inakuwa ngumu, hailiki. Ndani hakufikiwi, kunabaki laini, kwa hiyo haikatiki."

Akaitumbukiza majini ikiwa nyekundu. Chausiku akaijaribu kwa tupa; tupa ikateleza kama juu ya kioo.

Mashine ikafanya kazi, na haikusimama tena. Ndipo wote watatu wakaja barazani, kila mmoja akiidai mashine.

"Shemeji," akasema Kombo, "bila mimi mngekuta kutu tupu. Mngetengeneza nini?"

"Usingeiacha igande, isingevunjika," akasema Chausiku.

Kombo akamtazama Bi Siwatu. Bi Siwatu akainamisha uso. Sharti lilikuwa lake.

"Gia ni jasho langu," Chausiku akaendelea, "tena mara mbili."

"Ya kwanza ilifika alasiri," akasema Shekue. "Iliyopita kwangu bado inazunguka."

"Na bila mimi ungepika nini, mzee? Sanduku?" Chausiku akamjibu.

Bi Siwatu akaenda kuswali, akamwomba Mungu amwonyeshe. Mashine ni moja, haigawanyiki, na neno la marehemu ni amana shingoni mwake.

Sasa nyinyi mliosikiliza, msaidieni mjane. Je, ni nani aliyeizuia isife?