Daktari wa Runinga na Mahema ya Uwanjani

Kisa hiki niliandikiwa na dada yangu. Nimekisoma mara mbili, nikaona si haki kukaa nacho peke yangu.

Gaudensi Haule alikuwa mwigizaji. Kila Alhamisi watu walikaa mbele ya runinga kumtazama katika tamthilia ya kubuni kuhusu mwaka 2090, ambapo virusi vinavyosafiri kwa upepo vinamaliza mji baada ya mji. Yeye ndiye aliyekuwa Daktari Mkuu. Mambo yakiharibika kabisa, huvaa koti jeupe, hutulia kidogo, kisha husema kwa sauti nzito, "Hakuna atakayekufa nikiwa hapa." Watu walimpenda mpaka wakasahau jina lake la kweli.

Likizo moja alikwenda kumwona mama yake, Bi Theofrida, katika mji mdogo wa Litumbo. Alikuta kipindupindu kimeingia. Mahema ya wagonjwa yalikuwa yamepigwa kwenye uwanja wa mpira, lakini vitanda vilikuwa vitupu. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba anayeingia kule hatoki akiwa hai, hivyo watu wakawa wanaficha wagonjwa majumbani. Tisa walikuwa wameshazikwa.

Msimamizi wa mahema, muuguzi Stamili, alimfuata nyumbani.

"Kaka, nimepita mlango kwa mlango, hawanisikilizi. Wewe watakusikiliza. Koti jeupe ninalo."

Gaudensi alisita. "Dada, mimi husema maneno waliyoandika wengine. Kuhusu ugonjwa sijui lolote."

"Basi nitakuandikia mimi."

Kesho yake alisimama sokoni, akasema kwa ile sauti yake: chemsheni maji, naweni mikono kwa sabuni, mgonjwa apelekwe kwenye mahema mapema. Watu walipiga makofi. Wengine walipiga naye picha. Kisha wakaenda zao.

Siku mbili zikapita. Hakuletwa mgonjwa hata mmoja.

Asubuhi ya siku ya tatu, Bi Theofrida alishindwa kuinuka kitandani. Alikuwa ametapika na kuhara tangu alfajiri. Macho yameingia ndani, midomo imekauka. Gaudensi alikuwa na gari, na wazo lake la kwanza lilikuwa hospitali kubwa ya mkoa, mwendo wa saa tano. Akampigia Stamili simu.

"Ameishiwa maji mwilini," Stamili alisema. "Saa tano hatazimaliza. Mlete hapa sasa hivi."

Gaudensi alikata simu, akamtazama mama yake. Ndipo alipotambua jambo lililomtia aibu: hata yeye aliuogopa ule uvumi. Alikuwa amewahimiza watu waende mahali ambapo yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga.

"Gau," mama yake alinong'ona, "kule watu hawatoki."

"Tutaingia wote, mama. Nitakaa na wewe."

Njia ya uwanjani ilikuwa nyembamba, gari halipiti. Akambeba mgongoni, akakatiza naye sokoni, kweupe. Safari hii hakuna aliyepiga picha. Wauza mboga walisimama wakiwatazama mpaka walipoingia hemani.

Stamili akamtundikia mgonjwa dripu. Gaudensi akakaa kwenye kigoda, ameshika mkono wa mama yake.

Alasiri akasikia sauti nje. Alipotoka alimkuta jirani yao, Bibi Akwilina, akisukuma mkokoteni ambao mumewe amelazwa juu yake. Nyuma yake kulikuwa na watu wengine, na wagonjwa wao.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mama anaendeleaje?"

"Ameanza kuzungumza."

"Tumshukuru Mungu."

Walimwingiza babu, akalazwa. Gaudensi akashindwa kujizuia. "Bibi, juzi niliwaambia haya haya pale sokoni. Mbona hamkuja?"

Bibi Akwilina alijifuta jasho kwa ncha ya khanga. "Juzi ulisema vizuri sana. Lakini mwanangu, sisi tunajua wewe si daktari, tulijua tangu mwanzo. Tuliambiana, huyu ana gari. Tungoje tuone mama yake akiugua atampeleka wapi."

Jioni ile vitanda vyote vilijaa.

Bi Theofrida alitoka siku ya nne kwa miguu yake mwenyewe. Mume wa Bibi Akwilina naye akapona, pamoja na wengine wengi. Wawili walikuwa wamechelewa mno, wakafariki. Gaudensi alikwenda kuwazika wote wawili. Wenyeji walimshukuru, naye akaitikia kwa kichwa tu, kwa sababu alikuwa akijiuliza kama wangekuwa hai laiti angeingia hemani siku ile ya kwanza.

Funzo: Watu hawaendi tunakowaelekeza kwa maneno, huenda wanakoona tumewapeleka tunaowapenda. Ukitaka kuaminiwa, tangulia.