Kiti Alichochongewa Kiboko

Hadithi inapita njiani, niikaribishe?
— Ikaribishe!
Haina kiti.
— Ikae mkekani na sisi!

Basi hapo kale uliingia mwaka wa jua kali, mahindi yakakauka na mpunga ukawa wa kuokoteza. Wanyama wakakubaliana kula pamoja. Kila mmoja alileta alichopata, kikapikwa chungu kimoja, kikapakuliwa sinia moja, wakakaa mkekani kulizunguka. Na walikuwa na desturi yao: anayenyanyuka ameshiba. Ukishanyanyuka tu, wenzako wanasema Alhamdulillah, unaletewa maji unawe, na hurudi tena kula mpaka kesho.

Kiboko yeye alileta mdomo. Alikuwa wa kwanza kukaa na wa mwisho kunyanyuka. Tonge la kwanza, gubu! Tonge la pili, gubu! La tatu, sinia jeupe. Digidigi akabaki kulamba vidole vitupu. Bi Pimbi, mdogo kuliko wote, alirudi nyumbani kwa wanawe watatu na punje saba kiganjani. Mbavu za watoto wale zilikuwa zinahesabika.

"Mama, kesho tutakula?" wakamuuliza.

Bi Pimbi alichukua shoka, akaenda kukata mkuyu, ko, ko, ko, akachonga kiti kipana chenye mgongo na mikono. Akakiburuta mpaka kwa Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Nini hicho?"

"Kiti chako. Kukaa chini ni kwetu sisi wadogo. Mkubwa kama wewe kushinda mavumbini na sisi, kwa kweli tunaona haya."

Kiboko akakaa, kre! Akajinyoosha, akapendezwa. Tangu siku hiyo aliamkia kitini, akashinda kitini, akasinzia kitini. Mkekani alishuka wakati wa kula tu.

Wiki ya kwanza, goti lililia, kwa! Wiki ya pili, kwa-kwa. Wiki ya tatu nyonga nazo zikaitikia, na Kiboko akawa hakai tena chini, anaanguka kama gunia, pu!

Basi siku moja akaanguka mkekani, pu! Tonge la kwanza, gubu! Mguu ukaingia ganzi. Akapeleka mkono kwenye la pili, kiuno kikamkata. Akanyanyuka kidogo ajinyooshe.

"Alhamdulillah," akasema Bi Pimbi upesi. "Bwana Kiboko kashiba. Kobe, lete maji."

"Nani kashiba? Nanyoosha miguu tu."

"Kumbe ni miguu?" Bi Pimbi akamtazama kwa huruma. "Mkubwa wetu hawezi kukaa chini? Mbona Kobe, na uzee wake, anakaa na kunyanyuka bila kushika kitu?"

Mkeka mzima ukamgeukia Kiboko.

"Nimeshiba," akasema. Akanawa.

Kesho yake alikuja na kiti mpaka mkekani. Tumbo likatangulia, mkono haukufika siniani. Akashuka, pu! Gubu moja, ganzi, akanyanyuka. Alhamdulillah, maji. Keshokutwa vilevile. Msimwonee huruma sana, tonge lake moja lilikuwa chakula chako na changu cha siku mbili.

Watoto wa Bi Pimbi wakala. Siku ya kwanza walikula kwa pupa, ya pili kwa utulivu, ya tatu wakabakiza ukoko. Mama yao alilia kwa shukrani. Aliushukuru mkuyu, akalishukuru shoka, akayapapasa magoti yake moja moja akayashukuru pia. Na kila jioni alipita kwa Kiboko kumfutia kiti vumbi.

"Kinakufaa, Bwana?"

"Kinanifaa sana," Kiboko alijibu. "Ahsante, mwanangu. Wewe peke yako unanijali."

Mvua ziliponyesha, Kiboko aliingia mtoni. Yuko huko mpaka leo, maji yanambebea magoti.

Funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: kukaa chini hakuna faida hata kidogo. Mtu mwenye heshima zake akae kitini. Ijumaa mkija kula kwangu, anayetaka kiti aseme, ninacho kizuri, tena kina mto. Mimi kizee nitakaa papa hapa mkekani, karibu na sinia.

Hadithi imekula, imeshiba, imenyanyuka.
— Alhamdulillah, iletewe maji inawe!