Baraza la Sultani Lililoingia Majini

Hapo zamani za mbali, katika mji mmoja uliokuwa penye mlango wa mto, alitawala Sultani Jaafari bin Masudi. Katika mji huo alikuwamo maskini mmoja jina lake Pongwa, na watu walimwita mwehu kwa kuwa alifanya lile lile aliloambiwa, bila kuongeza wala kupunguza.

Basi waziri wa Sultani, Bwana Muhsini, akamtia bwana wake maneno, ikapigwa mbiu: asiye na kiwanja asilale juu ya ardhi ya Sultani. Maskini wakafunga virago wakilia. Pongwa hakulia. Alikata magogo ya msufi, maana ni mepesi, akayafunga kwa kamba za makumbi, akajenga juu yake kibanda cha makuti, akakisukuma mtoni, akalala humo na mkewe, Mwanaheri. Askari walipokuja kumtoa akawauliza, "Mwaiona ardhi hapa chini? Haya, chovyeni miguu."

Ukawa msimu wa joto, na jumba la Sultani lilikuwa la mawe, limewaka kama tanuri. Siku moja akapita ukingoni, akamwona Pongwa amejinyoosha kwenye upepo, anakoroma. Wivu ukamshika. Na wakubwa wakishikwa na wivu huuita haja ya serikali. Nyumba ikatwaliwa siku ile ile.

Pongwa akamwambia waziwazi, "Mola wangu, umechukua nyumba, basi chukua na desturi zake. Maji yakijaa legeza kamba za kuifungia ukingoni, yakipwa zikaze. Maji ya kunywa yatoke kisimani, haya yana chumvi. Na uzito ugawe, watu wasilundikane upande mmoja."

"Sultani hafundishwi kukaa!" akafoka waziri. "Toka hapa!"

Sasa, desturi ya baraza la mji ule ilikuwa hivi: Sultani hukaa peke yake mwisho wa ukumbi, na wakubwa wote hujibana upande wa pili wakimkabili. Kukaa nyuma yake au ubavuni pake ni uasi, na kichwa cha mtu kisiwe juu kuliko chake. Basi wakaingia nyumbani mle, wakajibana. Upande wao ukazama, upande wa Sultani ukapanda. Dele la kahawa likateremka, kiti kikalifuata, na Sultani akafika mapajani mwa waziri wake, fimbo ya enzi mkononi.

"Ameiloga!" wakapiga kelele.

Pongwa akaletwa pamoja na mkewe. Sultani akanguruma, "Nyumba yako imelewa!"

"Haijalewa, Mola wangu, imeelemewa. Watawanye hawa mabwana."

"Wakae nyuma ya Sultani?" akasema waziri. "Tuvunje desturi kwa ajili ya magogo, mwehu wee?"

Sultani akasema, "Ewe Pongwa, nisikilize. Ijumaa nitakaa humu tena. Baraza langu lote liwe mbele yangu, asiwepo mtu nyuma wala ubavuni, kichwa changu kiwe juu ya vichwa vyote, na kahawa yangu isimwagike hata tone. Ukiweza, nyumba ni yako. Ukishindwa, wewe na mkeo mtaihama nchi hii, na maji yake pia."

Walipotoka, Mwanaheri akasema, "Mume wangu, safari hii tumekwisha. Bara tumefukuzwa, majini tunafukuzwa. Tutakaa hewani?"

"Tulia, mama. Wewe nichemshie kahawa tu."

Ijumaa ikafika, na maji yalikuwa yamekupwa. Pongwa akaweka kiti katikati kabisa ya nyumba, akamkalisha Sultani, akampa kikombe kilichojaa mpaka ukingoni. Kisha akashuka majini, akawazuia wakubwa waliokuja na majoho yao.

"Si humo, mabwana. Shukeni huku."

"Huku wapi?"

"Majini, mbele ya Sultani wenu. Desturi ni desturi."

Wakamtazama Sultani. Sultani akatazama kikombe chake, kimetulia tuli. Akasema, "Shukeni."

Wakashuka, maji yakawafika kiunoni, na baraza likaanza. Kadhi akafungua kwa sifa za Sultani, na za baba yake, na za babu yake, kama ilivyo ada. Maji nayo yakaanza kujaa. Yalipofika kifuani, babu akaachwa. Yalipofika kwapani, mwenye mashtaka akamsamehe mshtakiwa bila kuombwa. Yalipofika kidevuni mwa waziri, ambaye alikuwa mfupi kuliko wote, alipiga ukelele:

"Mola wangu, ile mbiu ilikuwa hila yangu! Ardhi waliyolalia maskini naliitaka mimi! Mpe mwehu nyumba yake, tutoke!"

"Mbona siku zote barazani hukuniambia?"

"Barazani palikuwa pakavu!"

Sultani akacheka hata kikombe kikamponyoka.

"Kahawa imemwagika!" akalia waziri, akitema maji.

"Hiyo nimeimwaga mimi, haihesabiwi," akasema Sultani. Akampa Pongwa nyumba yake, akaifuta mbiu, maskini wakarudi, naye akavushwa hadi ukingoni mabegani mwa Bwana Muhsini, aliyekuwa ameshalowa tayari.

Na tangu siku hiyo, kila mkubwa aliposimama barazani akaanza kurefusha sifa, Sultani Jaafari alimgeukia mtumishi wake akauliza taratibu, "Hebu niambie, leo maji yanajaa saa ngapi?"